Mafuta yakimwagika pwani, mtoto wako atajua la kufanya?

Maji yakikupwa, pwani nyingi za Pemba hujaa kina mama na watoto. Wapo wanaochokoa chaza na kombe, wapo wanaosaka pweza, na wapo wadogo wanaocheza tu kwenye tope la mikoko mpaka maji yajae tena.

Bahari hiyo hiyo ndiyo njia ya mafuta. Petroli ya bodaboda, dizeli ya gari za abiria na mafuta ya taa ya kibatari, yote hufika kisiwani kwa vyombo vya baharini. Wakaazi wa Wesha, karibu na mji wa Chake Chake, wanalijua hilo vizuri. Kabla ya waya wa umeme kulazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa hapo.

Je, mpira wa kushushia mafuta ukipasuka, au tangi likitoboka, nani anafanya nini katika saa ya kwanza? Na mtoto aliye pwani wakati huo, nani atamwambia atoke?

Kinga huanza kabla ya ajali

Katika bandari, bohari la mafuta au kituo cha umeme, kinga ya kwanza ni ukuta unaozunguka matangi. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba eneo lililozungushiwa ukuta liweze kubeba mafuta yote ya tangi kubwa kuliko yote, na ziada ya asilimia 10. Tangi likipasuka, mafuta yabaki ndani ya ukuta, yasifike mtaroni wala baharini.

Ya pili ni watu. Wakati wa kushusha mafuta, mpira hukaguliwa kabla ya kufunguliwa, na mtu mmoja husimama karibu na koki muda wote ili aifunge mara moja hitilafu ikitokea. Ya tatu ni vifaa: vizuizi vinavyoelea vya kuyazunguka mafuta yasitawanyike, na vitu vya kuyafyonza. Ya nne ni karatasi yenye majina na namba za simu, pamoja na mazoezi ya mara kwa mara. Mpango uliofungiwa kabatini hausaidii kitu siku ya tukio.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1990 kuhusu kujiandaa na uchafuzi wa mafuta unazitaka nchi wanachama ziwe na mpango wa taifa. Kwa kawaida mipango hiyo hugawa matukio katika ngazi tatu: dogo humalizwa na kituo chenyewe, la kati huhitaji msaada wa mamlaka za nchi, na kubwa huhitaji msaada wa nje. Kwa Zanzibar, suala hili linagusa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZURA inayosimamia nishati, na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Mauritius ilijifunza kwa uchungu

Tarehe 25 Julai 2020, meli ya MV Wakashio ilipanda mwamba kusini mashariki mwa Mauritius. Siku 12 baadaye ilianza kuvuja, na takriban tani 1,000 za mafuta zikaingia baharini. Wananchi walishona wenyewe vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa. Uvuvi ulipigwa marufuku katika maeneo yaliyochafuka, na familia zilizoishi kwa samaki zikabaki bila kitoweo wala kipato.

Pemba nayo ina cha kupoteza. Upande wa magharibi lipo Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, lililoanzishwa mwaka 2005, pamoja na kisiwa cha Misali na matumbawe yake. Ipo mikoko ambayo mizizi yake ya kupumulia ikifunikwa na mafuta mazito, mti hufa. Upo mwani unaowapatia kina mama wengi fedha za ada na daftari. Ng'ambo ya mkondo, Chongoleani, Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda.

Afya ya mtoto kwanza

Mvuke wa petroli na dizeli husababisha kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha na kikohozi. Watoto huathirika haraka kwa sababu hupumua kwa kasi zaidi kuliko wakubwa. Mwenye pumu na mama mjamzito nao waondolewe mapema, waelekezwe upande unakotoka upepo.

Mafuta yakigusa ngozi, mvue mtoto nguo zilizolowa, kisha muoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimsugue kwa petroli wala mafuta ya taa ili kutoa weusi.

Akiyameza, usimtapishe. Mafuta yakipanda tena kooni huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee ya Mkoani, na uchukue chupa aliyonywea ili daktari aione.

Samaki au chaza wanaonuka mafuta wasiliwe. Kuwapika, kuwakaanga au kuwatia ndimu nyingi hakuondoi sumu. Subirini tangazo la wahusika kabla ya kurudi kuvua.

Zaidi ya yote, mafuta yaliyomwagika si ya kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia na madumu, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mtoto aambiwe mapema, kabla hajamuona jirani anakimbia na ndoo: ukiona mafuta, rudi nyuma, usiwashe kitu, mwite mtu mzima.

Maswali ya kumuuliza sheha

Wazazi wanaoishi jirani na bandari, bohari au kituo cha mafuta wana haki ya kuuliza katika mkutano wa shehia. Tukiona mafuta, tumpigie nani? Tahadhari itatolewaje, kwa king'ora, kwa kipaza sauti cha msikiti au kwa simu? Watoto wa skuli na wa madrasa watapelekwa wapi? Mara ya mwisho mazoezi yamefanywa lini, na shehia ilishirikishwa?

Nyumbani nako kuna bohari dogo. Mafuta ya taa au petroli yaliyotiwa kwenye chupa ya soda au ya maji na kuwekwa chini ya meza ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Yatiwe kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, liandikwe, liwekwe juu asikofika, mbali na jiko. Kazi hiyo haihitaji mamlaka yoyote, na inaweza kufanywa leo kabla ya magharibi.