Je, Wajua? Lebo ya Mvinyo Ina Mambo!

Chukua zabibu nyeusi, menya ganda, kamua. Maji yake ni meupe! Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda, ndiyo maana ipo shampeni nyeupe inayotengenezwa kwa Pinot Noir, zabibu nyeusi tii.

Je, wajua kwamba Cabernet Sauvignon, zabibu ya mvinyo inayolimwa kuliko zote duniani, ina mzazi mweupe? Mwaka 1997 wanasayansi wa California walitangaza majibu ya DNA: ni mtoto wa Cabernet Franc nyeusi na Sauvignon Blanc nyeupe. Hebu lisome tena jina lake taratibu. Wazazi wote wawili wamo!

Chile nako kuna kisa. Kwa miaka na miaka wakulima walivuna zabibu wakijua ni Merlot. Mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, akaingia shambani, akaitazama mizabibu, akasema hii ni Carmenère! Kwao Ufaransa zabibu hiyo ilikuwa karibu imetoweka, tangu mdudu aitwaye filoksera alipoteketeza mashamba karne ya 19.

Haya, geuza chupa tusome. Lebo imetaja zabibu moja, nawe unaamini humo ndani ni hiyo tu? Umoja wa Ulaya unadai asilimia 85, Marekani 75. Robo nzima yaweza kuwa zabibu nyingine, na sheria imeridhia!

Chablis je? Usiitafute shambani, hakuna zabibu ya jina hilo. Ni mji wa Ufaransa, na kinachokamuliwa huko ni Chardonnay.

Ukiona “Gran Reserva” nyekundu ya Rioja, Hispania, jua imelazwa si chini ya miaka 5, miwili kati yake kwenye mapipa. Lakini “Reserve” ya Marekani? Sheria ya taifa haidai hata siku moja!

Na hili litakushangaza: shampeni ya “Extra Dry” ina sukari nyingi kuliko ya “Brut”. Ya kwanza ina gramu 12 hadi 17 kwa lita, ya pili haifiki 12.

Unauona ule mwaka ulioandikwa? Ni wa kuvuna, si wa kujaza chupa. Ufaransa mzabibu huzaa mara moja, kisha baridi huulaza. Dodoma hakuna baridi ya hivyo: mkulima akivuna hupogoa, matawi yanachipua upya, na mwaka haujaisha anavuna tena. Mavuno 2 kwa mwaka, msomaji wangu, hapahapa Tanzania!

Ngoja, usiondoke. Mwaka 1954 meya wa Châteauneuf-du-Pape, Ufaransa, alipiga marufuku visahani virukavyo, vile vyombo vinavyodhaniwa kutoka anga za mbali, kutua katika mji huo wa mvinyo! Mtengenezaji mmoja wa California akaupa mvinyo wake jina la vyombo hivyo, Le Cigare Volant, na kwenye lebo akachora kimoja kikimulika shamba.