Mkristo Aliye Peke Yake Kazini

Nataka kusema nanyi juu ya ukiwa wa namna moja usiotajwa sana. Mwalimu kijana apelekwa shule ya mbali, asikute mwenzi wa imani hata mmoja. Au binti amebatizwa, na nyumba nzima ya baba yake haijataka. Hatukanwi wala hafukuzwi. Ila jioni watu wakaapo barazani, hana wa kumwambia yaliyo moyoni. Miezi ikipita huanza kujiuliza kama kweli aliitwa na Mungu, ama alijiita mwenyewe.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Rosine alizaa mtoto wa kike, akafa kwa homa. Na baada ya siku chache kitoto nacho kikafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa ile ile. Tangu hapo alikaa karibu miaka miwili bila mwenziwe katika kazi.

Alitegemezwa na nini? Tunapenda kujibu upesi kwamba alitegemezwa na sala, na jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Alikuwa na kazi ya kila siku mkononi mwake, maana alikuwa amekwisha anza kujifunza Kiswahili na kufasiri kitabu cha Mwanzo. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Waislamu wenye elimu wa Mombasa, akiwamo kadhi. Tazameni basi: msaada wa kwanza haukutoka kwa mtu wa dini yake. Mkristo aliye peke yake asiwadharau majirani zake; jirani mwema aweza kuuchukua nusu ya mzigo, ijapokuwa haijui nusu ya pili.

Mwezi wa Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, wakiupanda mlima na homa miilimwao. Huo haukuwa mwanzo wa fahari. Mtu wa kwanza kuipokea Injili kwa mikono miwili hakuwa mkubwa wa mji, bali kiwete mmoja, jina lake Mringe. Na baadaye Abe Gunja. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa ajili ya afya yake, lakini Rebmann akabaki. Mkewe, Emma, akafa mwaka 1866. Macho yake mwenyewe yakafifia hata akawa kipofu. Aliondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, na aliyemshika mkono safarini hata Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Mwalimu akaongozwa na mtoto wa mwanafunzi wake. Huko Ujerumani akakaa Korntal, karibu na Krapf, mwenziwe wa zamani, hata alipofariki mwaka 1876.

Mimi naona tunakosea tukitazamia kundi. Wengi husema, “Laiti ningekuwa katika usharika mkubwa!” nao humpita mtu mmoja aliye karibu nao, kwa kuwa ni mzee asiyejua kusoma, au ni mtoto. Mwaka 1929 daktari Joe Church, aliyekuwa amechoka sana kwa kazi yake Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wakakaa pamoja siku chache wakisoma Maandiko na kuomba. Walikuwa wawili tu, na katika kukutana kwao wengi huuona mwanzo mmojawapo wa uamsho ulioenea baadaye Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Mikutano ya ushirika iliyotokana na uamsho huo ilikuwa na desturi moja yenye faida: kila mtu aliyaeleza mambo yake waziwazi mbele ya wenzake. Hata hivyo mchague vema mtu wa kumfunulia moyo, kwa maana si kila sikio ni la ushirika. Mengine ni ya soko.

Tena tuangalie utaratibu wa habari za Eliya. Alipolala chini ya mretemu akitaka kufa, hakuanza kwa kuhubiriwa. Alipewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba wako watu 7,000 asiowajua, akapewa Elisha awe mwenziwe. Basi mwalimu aliyeshinda na njaa na kukesha kwa kusahihisha madaftari asiupime wito wake usiku ule. Na ale kwanza, alale.

Asubuhi na aandike barua, kwa padre au kwa mwenziwe wa chuoni, aombe kitu kilicho dhahiri. Barua isemayo “niombeeni” tu husomwa ikawekwa. Paulo, akiwa kifungoni, na Luka peke yake akiwa pamoja naye, alimwandikia Timotheo aje upesi kabla ya majira ya baridi, amlete na Marko, amchukulie na vitabu, na lile joho alilomwachia Karpo huko Troa.