Je, Wajua? Usugu wa Dawa Huambukizana

Je, wajua kwamba kuku anaweza kukuachia usugu wa dawa bila wewe kuugua hata siku moja? Chukua kibanda cha Kahawa Wendani jioni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamejaa wakisubiri sahani. Kuku ameiva, moto umemaliza bakteria. Lakini kisu kilichomkata akiwa mbichi kikipanguswa tu kwa kitambaa, kisha kikakata nyanya na vitunguu, bakteria wamepata njia. Kachumbari haipiti motoni.

Wengi wa bakteria hao ni E. koli wasiodhuru mtu. Hatari wameibeba ndani: plasmidi, kijipete cha DNA chenye maagizo ya kuvunja dawa au kuisukuma nje. Bakteria hunyoosha kijirija chembamba, humnasa jirani, humpa nakala ya plasmidi huku mwenyewe akibaki na yake. Na jirani si lazima awe wa ukoo wake! Mwaka 1959 nchini Japani, Akiba na Ochiai walionyesha kwamba E. koli na Shigela, yule wa kuhara damu, hupokezana usugu. Kwa hiyo E. koli wa kuku akipita tumboni siku mbili tatu, anaweza kuwaachia wenyeji wa humo plasmidi yake, nao wakaja kumpa bakteria wa Salmonela atakayeingia miezi kadhaa baadaye.

Si nadharia ya mbali. Mwaka 2015 Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzake walieleza Salmonela waliotoka kwa wagonjwa Wakenya, wa aina inayoingia hadi kwenye damu, ambao seftriaksoni haikuwaweza. Usugu huo ulikuwa kwenye plasmidi. Seftriaksoni ni sindano ambayo daktari huitegemea dawa za kawaida zikishindwa, na ndiyo maana habari hii inanitia hofu.

Je, wajua pia kwamba plasmidi moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa? Mfugaji akitia dawa ya tetrasaiklini ya duka la agrovet kwenye maji ya vifaranga, bakteria wanaosalia ni wenye plasmidi, pamoja na usugu wa dawa ambazo kuku hao hawajawahi kuonja.

Na zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuchinja au kuuza mayai? Zizingatie, zinaondoa mabaki ya dawa nyamani. Bakteria sugu wanabaki bandani, kwenye matandazo na mbolea, wakilingoja kundi lijalo la vifaranga.