Nyama ya Kusaga Ndani ya Mkate: Ladha ya Meksiko, Usalama wa Mtoto

Mada: Lishe na usafi wa chakula nyumbani
Walengwa: Akina mama na walezi wa watoto
Lengo: Baada ya mazungumzo haya, mama au mlezi aweze kuchagua, kupika na kuhifadhi nyama ya kusaga bila kuhatarisha afya ya mtoto.

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha upungue.)

  Leo tunaingia jikoni. Tutapika nyama ya kusaga, tuitie viungo kwa mtindo wa Meksiko, kisha tuijaze ndani ya mkate. Watoto hukipenda sana chakula hiki, na nusu kilo ya nyama inatosha familia nzima. Lakini kabla hujabandika sufuria, kuna jambo ambalo kila mama na kila mlezi hana budi kulijua. Nyama ya kusaga si sawa na nyama ya vipande. Isipoiva vizuri, inaweza kumwua mtoto.

Chakula hiki ni kipi?

Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, watu hula mkate uliojazwa nyama ya kusaga ambayo haikufinyangwa. Nyama hupikwa ikiwa imetawanyika kama punje, kisha huchotwa kwa kijiko na kuwekwa katikati ya mkate wa mviringo. Mwaka 1926, mwuza nyama mmoja aitwaye Fred Angell alianza kuuza mikate ya namna hiyo katika mji wa Muscatine, na mpaka leo chakula hicho kinapendwa sana katika sehemu hizo.

Meksiko nako wana mapishi yao ya nyama ya kusaga. Wanayaita picadillo: nyama iliyopikwa na nyanya, kitunguu na viungo, na mara nyingi viazi. Tukichukua mkate wa Iowa na viungo vya Meksiko, tunapata chakula chetu cha leo.

Usidhani viungo hivyo ni vigeni. Nyanya, pilipili, maharagwe na parachichi asili yake ni bara la Amerika, nasi tumevilima kwa miaka mingi. Dhania, kitunguu saumu na jira, yaani bizari nyembamba ya pilau, vimo katika majiko yetu tangu zamani. Hata ile kachumbari tunayokula na nyama choma, Wameksiko wanayo inayofanana nayo: nyanya mbichi, kitunguu, pilipili, dhania na ndimu. Kwa hivyo huhitaji duka kubwa. Soko la mtaani lina kila kitu.

Kwa nini nyama ya kusaga ni hatari kuliko ya vipande?

Sikiliza kwa makini hapa. Ndani ya matumbo ya ng'ombe huishi vijidudu vya aina nyingi. Ng'ombe mwenyewe huenda asiugue. Lakini wakati wa kuchinja, kinyesi kidogo, hata kisichoonekana kwa macho, kinaweza kugusa nyama. Nyama ikiwa kipande kizima, vijidudu hivyo hukaa juu yake, na moto wa sufuria huviua upesi. Nyama ikiingia kwenye mashine ya kusaga, kilichokuwa juu huchanganyika na kilichokuwa ndani. Tena mashine huchanganya nyama ya ng'ombe zaidi ya mmoja, na kipande kimoja kichafu huharibu chote kilichosagwa pamoja nacho.

Mapema mwaka 1993, watu zaidi ya 700 waliugua magharibi mwa Marekani baada ya kula mikate yenye nyama ya kusaga ambayo haikuiva katikati. Wengi wao walikuwa watoto, na watoto wanne walifariki. Kijidudu kilichosababisha maafa hayo ni aina ya bakteria iitwayo E. coli O157. Sumu yake huleta kuhara damu, na kwa watoto wadogo inaweza kuharibu figo.

Ndiyo maana leo tunapika nyama iliyotawanyika. Nyama iliyofinyangwa ikawa donge nene huweza kuwa kahawia nje na bado mbichi ndani. Nyama iliyotawanyika, ikikorogwa mara kwa mara, hupata moto kila punje. Kisha tunaichemsha pamoja na nyanya, na moto wa mchuzi unaotokota huua vijidudu vilivyosalia. Moto huo pia huua viluwiluwi vya minyoo ya tegu vinavyoweza kuwa ndani ya nyama ya ng'ombe.

Unaponunua nyama

Nunua kwenye bucha ambalo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Muhuri huo unaonyesha kwamba mnyama alikaguliwa. Ni afadhali uchague kipande mwenyewe, ukione na kukinusa, kisha kisagwe mbele yako. Tazama kama mashine ni safi. Usidanganywe na wekundu peke yake. Mwaka 2019 kulizuka mjadala mkubwa hapa Kenya kuhusu nyama inayotiwa kemikali ili ibaki nyekundu na kuonekana kama ya leo. Nyama ikiwa nyekundu mno, haina harufu yoyote ya nyama, na nzi hawaikaribii, jiulize kwa nini.

Nyama iwe kitu cha mwisho kununua kabla ya kurudi nyumbani. Kama huna friji, ipike siku hiyo hiyo, mara ufikapo. Kama unayo, usiiweke nyama mbichi ya kusaga zaidi ya siku mbili bila kuigandisha. Ikiwa imeganda, iyeyushe ndani ya friji, si juu ya meza.

Wengine huiosha nyama kabla ya kuipika. Usiioshe nyama ya kusaga. Maji hayaondoi vijidudu vilivyo ndani, bali huvirusha kwenye sinki, vyombo na nguo zako. Kazi ya kuua vijidudu ni ya moto.

Mahitaji ya familia ya watu sita hadi wanane

Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo.
Maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakawa laini, vikombe viwili.
Vitunguu maji viwili na punje tatu za kitunguu saumu.
Nyanya nne kubwa zilizoiva.
Pilipili hoho moja na karoti moja iliyokwaruzwa.
Jira iliyopondwa, kijiko kimoja cha chai.
Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha mezani.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Dhania fungu moja, na ndimu moja.
Parachichi moja lililoiva.
Mikate midogo ya mviringo, ile tunayoiita skonzi, minane. Mkate wa vipande pia unafaa, na chapati vilevile.
Pilipili kali moja, kwa watu wazima tu.

Namna ya kupika

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kata mboga kwanza, kabla hujagusa nyama. Kama una ubao mmoja tu, huu ndio utaratibu salama.

2. Pasha mafuta, kaanga vitunguu maji mpaka vilainike. Tia kitunguu saumu na jira, koroga kidogo mpaka harufu itoke.

3. Tia nyama. Ivunjevunje kwa mwiko isibaki na madonge. Endelea kukoroga mpaka wekundu wote uishe na maji ya nyama yakauke. Kama mafuta ni mengi, yachote uyatoe. Osha mwiko huo kwa sabuni, au chukua mwingine, kabla ya kuendelea.

4. Tia nyanya zilizokatwakatwa, karoti, hoho na chumvi. Funika, acha mchuzi utokote kwa dakika 15 hivi. Kumbuka kwamba rangi peke yake haitoshi kukuonyesha kwamba nyama imeiva. Mchuzi uonekane ukichemka kila mahali, si pembeni tu.

5. Ponda nusu ya maharagwe, kisha tia yote, yaliyopondwa na mazima. Yale yaliyopondwa hufanya mchuzi uwe mzito, usichuruzike kutoka kwenye mkate. Chemsha dakika tano zaidi. Ipua, tia nusu ya dhania na maji ya nusu ya ndimu.

6. Pasua mkate, paka parachichi lililopondwa, jaza nyama ikiwa moto. Juu yake weka kachumbari ya nyanya na dhania, iliyooshwa kwa maji safi na salama na kukamuliwa nusu ya ndimu iliyobaki. Anayetaka pilipili kali ajiongezee mwenyewe.

Huna haja ya kuongeza vikolezo vya pakiti. Vingi vina chumvi nyingi. Jira, dhania na ndimu vinatosha kukipa chakula ladha.

Faida kwa mwili

Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Mtoto anayekikosa hupungukiwa na damu: viganja hupauka, huchoka upesi, na shuleni hushindwa kusikiliza. Maharagwe nayo yana chuma, lakini mwili huyapokea kwa shida kidogo. Hapo ndipo nyanya, hoho na ndimu husaidia, kwa sababu vitamini C iliyomo huwezesha chuma cha maharagwe kupokewa vizuri zaidi. Nyama yenyewe pia husaidia. Kwa hivyo kuchanganya maharagwe na nyama kunaokoa pesa na kunajenga damu.

Lakini kuna desturi yetu moja inayopunguza faida hiyo. Tumezoea mkate uende na chai. Majani ya chai huzuia chuma kupokewa mwilini. Mpe mtoto maji safi au tunda pamoja na chakula hiki. Chai isubiri saa moja au zaidi.

Mtoto mdogo apewe vipi?

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kula nyama, huku akiendelea kunyonya. Mtolee sehemu yake kabla ya kutia chumvi, iendelee kuiva katika sufuria ndogo mpaka iwe tayari, kisha uiponde iwe laini kabisa. Usimpe mkate mkavu wala pilipili. Aliyepita mwaka mmoja mkatie vipande vidogo, akae chini anapokula, nawe uwe karibu naye asije akakabwa.

Chakula kinachobaki

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Vijidudu huzaana upesi katika chakula chenye uvuguvugu. Weka kinachobaki kwenye friji, ukitumie ndani ya siku tatu, na ukipashe mpaka kitokote. Kama huna friji, pika kinachotosha mlo mmoja.

Na chakula cha shule je? Mtoto anayeondoka alfajiri na kula saa saba mchana amebeba mkate huo kwa saa nyingi mno. Usimfungie nyama katika kopo la kawaida. Mpe chakula hiki jioni akirudi. Ukiwa na chupa ya chakula inayohifadhi joto, ijaze nyama ikiwa inatokota, na mkate uwe kando.

Dalili za hatari

Mtoto akihara damu, akikojoa kidogo sana, akipauka uso au akiwa mnyonge kupita kawaida, mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa. Njiani mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara, wala dawa zilizobaki nyumbani, kabla hajaonwa na mhudumu wa afya.

Mambo ya kukumbuka

Nyama ya kusaga iive yote, kila punje. Mboga zikatwe kabla ya nyama. Mwiko uliogusa nyama mbichi usiguse iliyoiva. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Chai isiandamane na mlo.

Msikilizaji mpendwa, mwambie na jirani yako haya uliyoyasikia, hasa kuhusu mwiko na saa mbili.  

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kipande kizima cha nyama ni salama zaidi kuliko nyama ya kusaga?
2. Nyumbani kwako, nyama hukaa muda gani kati ya bucha na jiko?
3. Utampa mtoto kinywaji gani pamoja na mlo huu badala ya chai?