Fahamu: 'Burnout' ni nini, na neno hili limetoka wapi?

'Burnout' ni neno la Kiingereza linalotaja uchovu mkubwa unaotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu. Si ule uchovu wa siku moja unaoisha ukilala.

Asili yake

Maana yake ya awali ni kuungua hadi kuzimika. Mitaani New York, katika miaka ya 1970, liliwataja watu waliodhoofishwa na dawa za kulevya. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyejitolea katika kliniki ya bure jijini humo, aliona wahudumu wenzake nao wakiishiwa nguvu. Mwaka 1974 alichapisha makala ya kitaalamu akiiita hali yao kwa neno hilo.

Dalili zake

- Kuishiwa nguvu za mwili na akili.
- Kuichoka kazi na kujitenga nayo: muuguzi aliyewaita wagonjwa kwa majina sasa anawataja kwa namba za vitanda.
- Utendaji kushuka.

Je, ni ugonjwa?

Hapana. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lililitambua kuwa tatizo la kikazi, si ugonjwa, na kusisitiza kwamba linahusu mazingira ya kazi pekee. Hata hivyo, sonona huweza kuwa na dalili zinazofanana, hivyo ni vyema kumwona daktari.

Kwa nini ni muhimu?

Likizo husaidia, lakini mfanyakazi akirudi kwenye mzigo uleule, uchovu nao hurudi. Mwajiri ana wajibu wa kupanga zamu na majukumu yanayobebeka.