Kelele za Vinanda vya Kompyuta katika Taarabu ya Mombasa: Namna ya Kuzitambua na Kuziondoa Bila Kuidhuru Lugha

1.0 Utangulizi

Taarabu ya kisiwa cha Mvita imepita katika mikono ya ala nyingi. Udi, kanuni, fidla, kodiani na ngoma vilitangulia. Taishokoto, ala yenye asili ya Kijapani, ikapata makazi Mombasa na kuipa taarabu ya huko ladha ya pekee. Baadaye kikaja kinanda cha umeme, kikabeba peke yake kazi ya ala kadhaa. Hatua ya karibuni ni kinanda kisichokuwa na umbo, yaani programu ya kompyuta inayounda sauti za ala kwa hesabu. Njia yake ilifunguliwa na mfumo wa MIDI wa mwaka 1983, uliowezesha vinanda na kompyuta kupashana habari. Mnamo mwaka 1999 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliupanua mfumo wake wa VST ili ala nzima ziweze kukaa ndani ya kompyuta. Hivi leo chumba kimoja cha ghorofani katika Mji wa Kale chaweza kutoa mlio wa fidla kumi bila ya kuwapo hata fidla moja.

Neema hiyo ina karaha yake. Nyuma ya muziki husikika mvumo, mtatariko au mkwaruzo ambao hakuna aliyeukusudia. Makala haya yanaeleza aina za kelele hizo, vyanzo vyake na taratibu ya kuziondoa. Aidha, yanaonyesha kwa nini jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili na si fundi mitambo pekee: kelele ikiondolewa ovyo, huondoka na sehemu ya lugha.

2.0 Kuipa Kelele Jina Lake

Uchunguzi huanza kwa kusikiliza na kutaja. Kwa bahati njema, Kiswahili ni tajiri wa vitenzi vya sauti, na kila kitenzi huelekeza kwenye chanzo tofauti.

Kelele inayovuma, nzito na isiyobadilika, aghalabu hutokana na umeme wa nyumba. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika hapo pamoja na kwenye vigawe vyake vya 100 na 150. Kelele inayotatarika, mfano wa mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, huashiria kompyuta iliyozidiwa na kazi. Inayokwaruza pale tu muziki unapopanda ni dalili ya sauti iliyovuka kipimo. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika kila kipanya kinaposogezwa, hutoka katika saketi za kompyuta au katika chaja yake. Mlio wa mvuke, kama wa birika linalokaribia kuchemka, waweza kuwa umetiwa makusudi ndani ya programu. Baadhi ya vinanda hivi huiga ala za zamani hata kwa kasoro zake, na mtumiaji asiyejua hudhani kuwa chombo kimeharibika.

3.0 Taratibu ya Kutafuta Chanzo

Kosa la kawaida ni kubadilisha mambo mengi kwa pamoja. Kelele hunyamaza, lakini hakuna ajuaye ni lipi lililoinyamazisha, na kesho hurudi. Inafaa kubadilisha jambo moja moja kwa mpango ufuatao.

Kwanza, muziki uhifadhiwe kuwa faili moja kwa moja ndani ya kompyuta, bila ya kupitia waya wowote, kisha faili hilo lisikilizwe kwenye chombo kingine. Likiwa safi, kinanda hakina hatia. Kelele huzaliwa wakati wa kupiga au katika njia iendayo kwenye spika. Likiwa na kelele ile ile, chanzo kimo ndani ya programu. Jaribio hili moja hupunguza nusu ya kazi.

Pili, ikiwa kelele imo ndani ya programu, sauti zizimwe moja baada ya nyingine hadi ipatikane inayohusika, kisha viungo vyake, kama vile mwangwi na vionjo vya kuiga kanda, vizimwe kimoja kimoja. Kama ni mkwaruzo, ifahamike kuwa sauti mbili zilizo sawa kabisa zikijumlishwa huongeza desibeli 6. Mpigaji anayeshika vidole vinane kwa pamoja huku akiwa ameweka fidla juu ya fidla hufika kwenye dari ya kipimo upesi, na mawimbi yaliyogonga dari hiyo hukatwa vichwa. Dawa yake ni kupunguza sauti kwenye kinanda chenyewe. Kupunguza spika hakusaidii, kwani wimbi limekwisha kukatwa.

Tatu, ikiwa kelele hutatarika wakati wa kupiga tu, iangaliwe akiba ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea kabla ya kuitoa. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba ya sampuli 128 huipa kompyuta takribani milisekunde 3 tu za kukamilisha hesabu. Akiba ya 512 huipa karibu 12. Akiba ndogo humfaa mpigaji anayetaka kidole na mlio viende sambamba, ilhali akiba kubwa hufaa wakati wa kuchanganya sauti zilizokwisha kurekodiwa. Anayetaka vyote viwili kwa pamoja huvuna mtatariko.

Nne, ikiwa ni mvumo au mlio wa mbu, chaja ya kompyuta ing'olewe na kompyuta itumie betri. Kelele ikikoma, umeme unazunguka baina ya vyombo viwili kupitia nyaya za ardhini. Vyombo vyote vichomekwe katika soketi moja, na nyaya za sauti zitengwe na nyaya za umeme. Kamwe waya wa ardhini usikatwe ili kuondoa mvumo, kwa maana waya huo ndio unaomkinga mtu na mauti.

4.0 Kelele za Mji na za Bahari

Si kila kelele ni ya kinanda. Katika vichochoro vilivyo nyuma ya Ngome ya Yesu, nyumba zimekaribiana na madirisha hukabiliana. Adhana, pikipiki na mazungumzo ya barazani huingia chumbani bila ya kubisha hodi. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia sauti vizuri, lakini dirisha la mbao lililo wazi huubatilisha msaada huo. Maikrofoni iliyosahauliwa wazi wakati kinanda kikirekodiwa hukusanya hayo yote, na lawama huangukia programu. Vilevile, hewa yenye chumvi na unyevu hushambulia ncha za nyaya na soketi. Waya unaokwaruza unapotikiswa huhitaji kusafishwa au kubadilishwa kabla ya kuilaumu kompyuta.

5.0 Hatari ya Kusafisha Kupita Kiasi

Hapa ndipo lugha inapoguswa. Katika rekodi nyingi za arusini, mwimbaji na kinanda huingia pamoja katika njia moja, na kelele iliyoingia haiwezi kutenganishwa na maneno kwa urahisi. Fundi hutumia programu ya kusafisha, ambayo hujifunza sura ya kelele kisha kuipunguza kote inapofanana nayo. Tatizo ni kwamba sauti za lugha nazo zina mfano wa kelele. Konsonanti /s/, /f/ na /sh/ ni hewa inayokwaruza kinywani.

Katika Kimvita suala hili lina uzito zaidi. Lahaja hiyo hutofautisha maana kwa mpumuo: paa la nyumba halina mpumuo, lakini p'aa, mnyama wa porini, anao. Mpumuo huo ni pumzi ya muda mfupi mno, ndogo kwa nguvu, na kwa programu haina tofauti kubwa na mlio wa mvuke. Ukifutwa, mnyama hugeuka kuwa paa la nyumba, na mtafiti atakayeisikiliza rekodi hiyo miaka 30 baadaye aweza kuhitimisha kwamba mwimbaji hakuwa na mpumuo katika usemi wake.

Hali kadhalika, kuna vifaa vinavyoifunga njia ya sauti kila inaposhuka chini ya kiwango fulani. Mwimbaji wa taarabu huachia irabu ya mwisho wa kipande ififie taratibu, na hapo ndipo kilipo kina. Kifaa kikifunga mapema, kina hukatika, na utungo uliopangwa kwa mizani na vina huonekana una ila isiyokuwa ya mtunzi.

6.0 Hitimisho

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kelele iondolewe katika chanzo chake kabla ya kurekodi, kwa taratibu ya jambo moja moja iliyoelezwa hapo juu. Inapolazimu kusafisha, nakala ya asili ihifadhiwe pamoja na maelezo ya kilichofanywa. Nakala safi huenda ikamfurahisha msikilizaji wa leo. Nakala yenye kelele ndiyo itakayomwezesha mwanaisimu wa kesho kujua kama aliyetajwa ni paa au p'aa.