MSAADA UNAHESABIWA NAMNA GANI, NA NANI ANAHESABU?

Leo tunazungumza juu ya neno ambalo wengi hufikiri ni la watu wa ofisi tu. Mashirika makubwa ya msaada huliita ufuatiliaji na tathmini. Majina ni magumu, lakini jambo lenyewe unalijua. Ukimtuma mtoto sokoni na feza, akirudi unamwuliza: umenunua nini, kwa bei gani, na iliyobaki iko wapi? Huo ni ufuatiliaji. Jioni, bugali na sombe vikiisha kuliwa, unaangalia kama wote wameshiba. Hiyo ni tathmini.

Pengine utauliza: neno hili linaingia namna gani katika mazungumzo ya amani? Linaingia kwa mlango mkubwa. Msaada ukihesabiwa vibaya, wenye njaa wanabaki na njaa. Tena si njaa peke yake. Jirani anamtazama jirani yake kwa jicho baya, mwenyeji anamchukia mgeni aliyekimbia vita, na mwenye bunduki anapata chakula cha bure. Huku kwetu tumeyaona hayo.

Tukumbuke mwaka 1994. Mwezi wa saba, watu wapata milioni moja walivuka mpaka wa Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Kipindupindu kikawapata, na mwezi ule wa kwanza wakafa watu karibu elfu 50. Mashirika yakafika kutoka pande zote za dunia. Wengi walifanya kazi usiku na mchana na kuokoa maisha ya watu. Tuseme hilo bila kuficha.

Lakini miongoni mwa wale wakimbizi walikuwemo viongozi na askari walioendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kambini, huko Kibumba, Katale na Mugunga, watu hao walibaki wakubwa. Mashirika hayakuwajua watu, kwa hiyo yaliwauliza wakubwa: watu wenu ni wangapi? Wakubwa wakataja hesabu iliyozidi watu waliokuwepo. Chakula kikapitia mikononi mwao. Kilichozidi kikawa nguvu yao: waliweza kumpa huyu na kumnyima yule, na kuuza sehemu. Mashirika mengine, kama tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, yaliona hivyo yakaondoka kambini mwishoni mwa 1994. Mengine yalibaki, yakasema hatuwezi kuwaacha watoto wafe. Mwaka 1996 kambi zile zilivunjwa kwa vita, na mateso yakaenea katika nchi nzima.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Magari yalihesabiwa, magunia yalihesabiwa, karatasi ziliandikwa na kutiwa sahihi. Lakini swali kubwa lilikosa mtu wa kulijibu mapema: je, gunia hili likishatoka mikononi mwetu linaongeza uzima au linaongeza vita?

Mwezi wa tatu mwaka 1996 ilitoka tathmini kubwa juu ya msaada wa Rwanda na majirani zake, iliyofanywa na serikali nyingi pamoja na mashirika. Ilisema wazi kwamba msaada hauwezi kushika nafasi ya siasa: pale serikali kubwa ziliposhindwa kuzuia mauaji, mifuko ya unga isingetengeneza mambo. Ilisema pia kwamba kati ya mashirika yaliyofika, mengine yalifanya kazi bila ujuzi wa kutosha na bila kusikilizana na wenzao. Na jambo la kusifu ni hili: mwaka 1997 ikatoka ripoti nyingine, ya kuangalia kama mashauri yale yalifuatwa. Tathmini isiyofuatwa ni kama dawa iliyoandikwa na daktari halafu karatasi ikawekwa mfukoni.

Katika miaka ile ile mashirika yakaanza kuandika kanuni za pamoja, zinazoitwa Sphere. Kanuni hizo zinasema, kwa mfano, kwamba mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na kwamba choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Hapo ndipo kupima kunapata maana, kwa sababu unapima kwa kipimo ambacho hata wewe mwenye kiu unaweza kukijua na kukidai.

Sasa tueleze kosa linalorudi kila mara. Tufanye shirika limegawa bidoni 2000 katika kambi. Katika ripoti wataandika: bidoni 2000 zimegawiwa, kazi imekamilika. Ripoti inapanda kutoka kambini hadi Goma au Bukavu, kutoka hapo hadi Kinshasa, kutoka Kinshasa hadi Ulaya kwa mfadhili. Mfadhili anafurahi. Lakini kisima kiko mbali, njiani kuna watu wenye silaha, na wasichana wanaogopa kwenda kuteka. Bidoni ziko, maji hayako. Kuhesabu vitu ni rahisi, kwa maana vitu havikimbii na havilalamiki. Kuhesabu mabadiliko ni kazi: watoto wangapi wanaharisha leo kuliko mwezi uliopita? Mama anatumia saa ngapi kwenda na kurudi? Je, tangu bomba lijengwe, wenyeji na wageni wanateka pamoja au wanapigana?

Kosa la pili ni kwamba ripoti hupanda, haishuki. Aliye kambini anaulizwa maswali na watu wa shirika hili, kesho na watu wa shirika lile. Anataja jina, umri, hesabu ya watoto. Hakuna anayerudi kumwambia: tuliyoyasikia kwenu ni haya, na tutabadilisha hivi. Mtu akiulizwa mara kumi bila kujibiwa, ya kumi na moja atasema lolote ili apate jetoni.

Kosa la tatu ni baya kuliko yote: anayepimwa ndiye anayeshika kipimo. Mwaka 2018 shirika moja kubwa la kimataifa liligundua kwamba katika mradi wa msaada wa haraka hapa Kongo, baadhi ya wafanyakazi, wafanyabiashara na wakubwa wa mahali walipatana kuongeza hesabu ya waliokimbia, kisha wakagawana feza. Kwenye karatasi hesabu zote zilikuwa sawa.

Na wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, zaidi ya watu elfu 300 walichanjwa, na kila chanjo iliandikwa. Hiyo ilikuwa kazi kubwa yenye faida. Lakini kulikuwa na wanawake waliodaiwa miili yao ili wapate kazi, na kilio chao hakikuwa na safu katika karatasi yoyote. Tume huru iliyotoa ripoti mwaka 2021 ilihesabu watu 83 walioshukiwa, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Jambo lisiloulizwa haliingii katika ripoti, na wakubwa walio mbali hudhani halipo.

Basi tufanye nini? Tusiseme mashirika yaondoke. Tuseme yapime vizuri, nasi tuwe ndani ya kupima huko.

Kwanza, orodha ya wanaostahili isomwe mbele ya watu wote. Ikikaa katika mfuko wa mkubwa mmoja, inazaa majina ya uongo. Ikisomwa chini ya mti, kila mtu anasikia: fulani alikufa, fulani hayupo, mjane yule amesahauliwa. Na wenyeji waliopokea wageni nyumbani mwao waelezwe sababu za kuchagua, ili wasione wamedharauliwa.

Pili, wiki chache baada ya kugawa, watu wengine, si wale waliogawa, wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza: ulipata nini? Kilitosha? Kuna aliyekudai sehemu? Kilileta ugomvi? Wawaulize akina mama peke yao pia, kwani mbele ya wakubwa wengi hunyamaza.

Tatu, pawe na njia ya kulalamika isiyomtia mtu hatarini. Sanduku lililowekwa mlangoni pa ofisi ya yule unayemshtaki halisaidii. Simu ya bure, au mwanamke mwaminifu aliyechaguliwa na wenzake, au vyote viwili, ni afadhali. Tangu mwaka 2014 mashirika mengi yamekubali kanuni ya pamoja inayowataka kupokea malalamiko na kuyajibu. Ukiomba hilo huombi zawadi. Unadai neno waliloliahidi wenyewe.

Nne, wafadhili wasiliadhibu shirika linalosema kweli. Ikiwa anayeandika "tulikosea" ananyimwa feza, na anayeandika "yote mazuri" anaongezewa, basi ni sisi tunaomfundisha mtu uongo. Shirika lililogundua wizi na kuutangaza linastahili kusikilizwa kuliko lile ambalo halijawahi kuona kosa hata moja.

Na wewe unayetusikiliza, una sehemu yako. Ukiandikisha jina la mtoto asiyekuwepo, unamnyang'anya mtoto aliyepo. Chifu wa kijiji, nyumbakumi, mkubwa wa kambi: kalamu uliyopewa ni amana ya watu. Na wewe mfanyakazi wa shirika, mara nyingi mzaliwa wa hapa hapa, kabla ya kufunga ripoti jiulize kama ungeweza kuisoma kwa sauti mbele ya wale iliyoandikwa juu yao. Kama huwezi, ripoti hiyo haijakamilika.

Hesabu ya haki haimalizi vita peke yake. Lakini inaondoa kuni moja katika moto, na moto huu wetu umekwisha kula kuni nyingi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Msaada wa mwisho ulipofika kwetu, nani alitengeneza orodha? Ilisomwa wapi?
2. Je, uliongeza mapatano kati ya wenyeji na waliokimbia, au uliyapunguza? Kwa nini?
3. Mwanamke aliyeonewa wakati wa kugawa anaweza kumwendea nani bila hofu?
4. Sisi wenyewe tungechagua kupima jambo gani, ili tujue kwamba maisha yamebadilika kweli?

Kaeni na amani.